Mtiririko Rasmi wa Walaji kwa Mama Mwiko

Napenda kuutangazia umma ulioshiba, pamoja na ule ambao bado uko katika mchakato wa kushiba, kwamba Mradi wa Mtiririko Rasmi wa Walaji umefanikiwa kwa kiwango ambacho hata sisi tuliouanzisha hatukukitarajia. Yanayosemwa mitaani, kwamba mradi ulikufa, ni maneno ya watu wasiojua tofauti kati ya kufa na kukamilika.

Nayasema haya nikiwa mhusika. Katika mradi ule nilikuwa Msaidizi Mwandamizi wa Mratibu wa Mtiririko, Idara ya Mapito. Mratibu mwenyewe alikuwa hajateuliwa, kwa hiyo nilikuwa namsaidia mtu ambaye hayupo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, maana hata pa kuuliza hakuna.

Idara yetu husimamia watu wakiwa njiani: kwenye korido, kwenye ngazi, kwenye milango ambayo hakuna ajuaye kama inasukumwa au inavutwa. Wazo la kuingia mikahawani lilikuwa la Mkurugenzi. Alikuwa amerudi kutoka mkutano wa nje, na ndege ilimchelewesha akakaa uwanjani muda mrefu kuliko aliokaa mkutanoni. Ya mkutanoni aliyasahau. Ya uwanjani yalimwingia.

"Watu wazima," alitusimulia, "wamevua viatu, wamevua mikanda, wameshikilia suruali kwa mkono, wanafuata kamba inayozunguka bila sababu yoyote. Na hakuna aliyeuliza! Sasa niambieni, kwa nini mtu huyo huyo akienda kula wali anaingia tu, kama anaingia kwake?"

Tuliliandika swali hilo kwenye madaftari yetu.

Mkahawa wa majaribio ulikuwa ule ulio kati ya gereji na kiwanda cha magodoro. Mwenyewe ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Wateja humwita Mama Mwiko, kwa sababu akieleza jambo mwiko ndio hutangulia na maneno hufuata. Kabla yetu, hali pale ilikuwa ya kusikitisha. Mtu aliingia, akapaza sauti, "Mama, niwekee wali maharage, na mchuzi usininyunyizie kama baraka," akakaa, akala, akalipa, akaenda zake. Hakuna hatua hata moja iliyokuwa na jina. Niligundua kwamba mkahawa ule ulikuwa unafanya kazi bila mfumo wowote, jambo la hatari sana, maana kitu kinachofanya kazi bila mfumo huwezi kukirekebisha.

Kibali chake cha mkahawa kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na Mkurugenzi aliliweka wazi: siku ya uzinduzi mtiririko ukienda vizuri, kibali kipya. Ukiharibika, kufuli. Habari hizo nilimpa shemeji mimi mwenyewe, siku alipokuja nyumbani kututembelea. Alikuja na mwiko.

"Shemeji," aliniambia, ncha ya mwiko ikiwa karibu na pua yangu, "watu wanakuja kwangu kula. Hawaji kupangwa."

"Watapangwa ndipo wale, shemeji. Ni kwa faida yao."

"Na mimi nisipotaka faida yao?"

"Kibali hakitoki."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni. Hakuinua macho. "Sikiliza, baba watoto. Jiko lile ndilo lililonisomesha mimi na wadogo zangu wote. Dada akifungiwa anahamia hapa, na chumba atakachokipata ni hicho chetu. Wewe na mtiririko wako mtatiririkia sebuleni."

Basi mbali na uzalendo, nikawa na sababu nyingine ya kutaka mradi ufaulu.

Mchoro aliuchora Mkurugenzi kwa mkono wake. Njia moja tu, yenye upana wa mtu mmoja ambaye bado hajala, imezungushiwa mabomba ya chuma kutoka mlango hadi mlango. Kwanza unafika Dirisha la Nia, ambako unatamka unachotaka kula. Halafu Dirisha la Malipo, unapewa stakabadhi. Halafu Dirisha la Sahani, unatoa stakabadhi unapewa chakula. Halafu kijiko, halafu meza, halafu sinki la kunawa, halafu barabarani. Ni mchoro mzuri. Nausifu mpaka leo.

Ili upate mwanga, tuliubandika kwenye kioo cha dirisha la ofisi. Fundi wa kuchomelea vyuma alipokuja kuunakili, mlinzi wetu alimzuia getini kwa sababu hakuwa na miadi, na miadi hutolewa ndani. Fundi yule, kwa kuwa ni mtu wa kazi, alisimama barabarani akaunakili kupitia kioo, kwa nyuma. Mchoraji wa mishale ya sakafuni alikuwa na miadi. Yeye aliingia ndani, akaunakili kwa mbele.

Kwa hiyo madirisha yalijengwa yakianzia mwisho, na mishale ikachorwa ikianzia mwanzo. Nasisitiza kwamba mchoro haukukosewa. Ulitazamwa tu na pande mbili.

Wapo waliopendekeza mabomba yang'olewe. Lakini kung'oa kunahitaji kwanza kukiri, na katika kanuni zetu hakuna kifungu cha kukiri. Tulifungua mkahawa hivyo hivyo, tukisubiri uzinduzi.

Mtu wa kwanza kuufuata mshale alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, akiwa kwenye mapumziko yake mafupi. Aliingia akakutana na sinki. Akanawa. Akafika kwenye meza, akakaa, akaitazama meza, meza ikamtazama. Akasogea, akapewa kijiko. Akafika Dirisha la Sahani, alipo shemeji na masufuria yake yanayotoa moshi.

"Risiti, mwanangu," alisema shemeji.

"Sijapewa risiti, mama."

"Ndiyo. Iko mbele."

Kwenye malipo, karani wetu alimshangaa. "Dada, unalipia nini? Mbona hujaonyesha nia?" Na kwenye Dirisha la Nia alipokelewa kwa tabasamu ambalo karani wa pale alikwenda kulisomea. "Karibu sana! Ungependa kula nini leo?"

"Wali na maharage, tafadhali."

"Chaguo zuri."

Hatua iliyofuata ilikuwa mlango. Muuguzi alijikuta barabarani, mikono safi, kijiko mkononi, nia yake imepokelewa. Nilimfuata nikamweleza kwamba amepata huduma nne katika ziara moja, ukihesabu na kukaa. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona huku anashikilia ukuta.

Utii wa mishale ulisimamiwa na askari tuliyemwajiri maalumu, ambaye wateja walimpachika jina la Afande Kanuni. Kanuni yenyewe ilikuwa fupi, na Mkurugenzi aliisaini mbele yetu: mwelekeo wa mteja ni mwelekeo wa uso wake, uso ufuate mshale, hakuna msamaha kwa yeyote, awe nani. Afande alisimama mlango wa kutokea, kazi yake kuhakikisha hakuna anayeingilia pale.

Aliyetuboreshea mfumo ni fundi mmoja wa gereji, wanamwita Rivasi. Alisimama nje akiwatazama wenzake wanavyotoka na vijiko, akacheka mpaka akashika goti. "Gari likikataa kuingia kwa mbele unaliingiza kwa nyuma. Kuna siri gani hapo?" Akaugeuzia mgongo mlango wa kutokea, uso akauelekeza barabarani, akaanza kuingia kinyumenyume.

Afande alimkagua. Uso uko nje. Mshale unaelekea nje.

"Karibu tena," Afande alimwambia, kama alivyofundishwa kuwaambia wanaotoka.

"Asante, afande," alisema Rivasi, akazama ndani. Akaonyesha nia, akalipa, akapewa sahani, akapewa kijiko, akala, akanawa, akatoka mlango wa kuingilia, kinyumenyume vile vile, kiasi kwamba aliyekuwa mbali angeapa kwamba anaingia.

Kabla ya wiki kwisha mkahawa mzima ulikuwa unatembea hivyo. Watu wa kiwanda cha magodoro waliweka hata honi: "Pii! Pii! Mchuzi wa moto huo!" Muuguzi alirudi, na siku hiyo alikula. Mimi niliandika katika taarifa yangu kwamba wateja wamepokea mradi kwa moyo wote, na kwamba walio wengi wanaonekana wakitoka. Mkurugenzi alifurahi sana. Yeye alikuwa bado hajafika pale.

Siku ya uzinduzi nilimwahi shemeji mapema. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Niliwaomba wateja jambo moja: leo, kwa heshima ya mgeni, tutembee kwa mbele.

"Bosi," alisema Rivasi, "kwa mbele twende tukapate nini? Vijiko ninavyo nyumbani."

Tukakubaliana waingie mapema kwa njia yao, wakae, mgeni awakute tayari wanakula. Nani atauliza mtu aliyeshiba amepitia wapi?

Mkurugenzi aliwasili na waandishi wa habari na suti ambayo, alininong'oneza, inafunga vizuri tumbo likiwa tupu. Hakuwa amekunywa hata chai. Alipanda kwenye kiti akahutubia.

"Sitaki upendeleo! Leo nitahudumiwa kama mwananchi wa kawaida kabisa."

"Una uhakika, baba?" aliuliza shemeji kutoka dirishani kwake.

"Kabisa, mama. Hatua kwa hatua."

"Haya. Mmesikia wote."

Akaufuata mshale. Alinawa mikono, watu wakapiga makofi. Akakaa kwenye meza, kamera zikammulika. Akaendelea kukaa. Jirani yake alikuwa anachana paja la kuku. Mkurugenzi alitabasamu na kuku, akatabasamu na meza, halafu akaniinamia.

"Kinakuja?"

"Hakiji, mheshimiwa. Anayetiririka ni mteja."

"Ah. Bila shaka. Nilikuwa nakupima."

Akasogea, akapokea kijiko, akakiinua juu kwa ajili ya picha. Akafika kwa shemeji.

"Risiti, mheshimiwa."

"Nani, mimi?"

"Risiti. Iko mbele."

Kwenye malipo akaulizwa nia yake. Kwenye nia akaulizwa angependa kula nini. "Nyama," alisema, akimeza mate. "Nyama na wali. Na supu itangulie." Akaambiwa ni chaguo zuri, na Afande Kanuni akampigia saluti. "Karibu tena, mheshimiwa!"

Alisimama barabarani na kijiko chake. Mwandishi mmoja alimsogezea kinasa sauti. "Mheshimiwa, chakula kilikuwaje?"

"Kilikuwa… na mpangilio," alisema Mkurugenzi.

Alijaribu kurudi ndani kwa mlango ule ule. Afande alimzibia njia kwa kifua. "Hapa hapaingiliwi, mheshimiwa. Kanuni yako." Akazunguka jengo, akaingia upya. Akanawa upya. Akapewa kijiko cha pili. Safari hii, alipofika Dirisha la Sahani, alishika fremu kwa mikono yote miwili na kuteremsha sauti.

"Mama, sikia. Mimi ndiye mwenye mradi. Nipakulie."

Nilimwona shemeji akipepesa macho. Sufuria la nyama lilikuwa wazi mbele yake, na kibali cha zamani kilikuwa ukutani nyuma yake, tarehe zikiwa zimekaribia kwisha. Alilifunika sufuria.

"Baba, nikikupakulia bila risiti, kesho mtu wako atakuja na kufuli aniambie nimevunja kanuni. Umeandika hakuna msamaha kwa yeyote, awe nani. Wewe si nani?"

"Nimeiandika mimi hiyo!"

"Ndiyo maana naiheshimu."

"Basi mchuzi tu. Kidogo. Kwenye kijiko hiki."

"Mchuzi nao una risiti yake."

Hapo ndipo Mkurugenzi alipogeuka na kumwona dereva wake mwenyewe kwenye meza ya kona, kola imefunguliwa, anafyonza mfupa kwa raha zake.

"Wewe! Umepitia wapi?"

Dereva alifuta mdomo. "Nimeingia kwa nyuma, bosi. Kama napaki."

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza polepole, nikianza na uzuri wa mchoro, nikapitia kioo, nikaishia kwa mishale. Nikamwambia njia ni mbili: atamke mbele ya kamera kwamba mabomba yang'olewe, apakuliwe sasa hivi, au atoke aingie kinyumenyume kama wananchi wa kawaida. Tumbo lake lilitoa sauti ambayo mwandishi wa redio aliirekodi. Alifikiri kama wanavyofikiri viongozi.

"Kung'oa ni kukiri," alisema. "Kutembea ni kutembea tu."

Akatoka. Akaugeuzia mlango mgongo, uso barabarani, kwenye kamera zote. Afande alimkagua, akaridhika, akapiga saluti. "Karibu tena, mheshimiwa!" Rivasi aliacha sahani yake akaja kumwongoza, maana mwenye suti alikuwa mpana na njia nyembamba.

"Lete, lete, lete! Kata kulia, mzee! Kata yote! Nyoosha… taratibu, una bomba nyuma… njoo, njoo… hapo hapo! Zima!"

Mkahawa mzima ulikuwa umesimama unashangilia. Mkurugenzi alisema nia yake, akalipa, akapokea sahani, akakaa, akala. Nimewahi kuona watu wakila. Sijawahi kuona mtu akila vile. Alipomaliza sahani ya pili alikisaini kibali kipya cha shemeji pale pale mezani, muda mrefu kabisa unaoruhusiwa, akasema mtiririko ni mtamu. Shemeji alikipuliza wino ukauke, akakitundika ukutani kabla mtu hajabadili mawazo, halafu akaingia nyuma ya jiko akakaa juu ya ndoo, mwiko mapajani, kwa muda.

Magazeti ya kesho yake yalitoka na picha. Katika kila picha Mkurugenzi yuko kwenye mlango ulioandikwa KUTOKA, uso barabarani, jasho linamtoka, nyuma yake wananchi wanashangilia. Kichwa cha habari kilikuwa kifupi: MKURUGENZI ATOKA, WATEJA WAFURAHI.

Waziri alituita kabla chai yake haijapoa.

"Umekwenda kuzindua mradi wako ukatoka?"

"Nilikuwa naingia, mheshimiwa Waziri."

"Unaingia, uso uko nje?"

"Ni kwamba, kwa namna madirisha yalivyo…" alianza Mkurugenzi, asimalizie. Sentensi ile ilikuwa na mwisho mmoja tu, nao ulikuwa umebandikwa kwenye kioo cha ofisi yake.

Afande Kanuni aliitwa kama shahidi. "Mimi nilimwona akitoka, mheshimiwa. Alitoka mara nyingi kuliko mtu yeyote siku ile. Kuingia, kwa macho yangu haya, sikumwona."

Waziri akanigeukia. "Wewe ni mtaalamu. Kwa kanuni zenu, mtu aliyesimama hivi kwenye picha anafanya nini?"

Mkurugenzi alinitazama. Nilimheshimu sana yule mtu. Lakini kanuni ilikuwa na sahihi yake.

"Mwelekeo wa mteja ni mwelekeo wa uso wake," nilisema. "Anatoka, mheshimiwa."

"Basi mtu aliyetoka kwa hiari, na watu wakafurahi, sisi ni nani tumrudishe?" alisema Waziri, akachukua kikombe chake. Hivyo ndivyo mradi ulivyokamilika. Mabomba yaling'olewa wiki hiyo hiyo, madirisha yakazibwa, mishale ikafutwa kwa rangi. Mimi, kwa kuwa mtu niliyekuwa namsaidia bado hajateuliwa, niliambiwa nikamsubirie nyumbani. Mke wangu ananiruhusu kulala chumbani.

Juzi nilikwenda kula kwa shemeji. Milango yote iko wazi, meza zimetawanyika, watu wanaingia huku na huku wanapigiana kelele za mchuzi. Mkurugenzi wa zamani alikuwepo, bila suti, amesimama kizingitini na kofia mkononi, anaikagua sakafu.

"Ingia, baba, mbona umesimama?" shemeji alimwita kutoka jikoni.

"Naingilia wapi, mama?"

"Si hapo ulipo!"

Alinyanyua mguu, akaurudisha, akaitazama tena sakafu. Mafundi wa gereji walimcheka. Mimi sikumcheka. Nilikuwa nimesimama pembeni yake tangu asubuhi.